Mwanamke Aliyekatwa kwa Penseli

"Hebu nieleze tena, na safari hii polepole," mama alisema, kikombe cha chai kikiwa kimeganda katikati ya meza na mdomo. "Huyo bwana huwa anaandika kwamba yeye ni nani?"

"Mkunga, mama."

"Mkunga! Mwanaume mzima na ndevu zake."

"Sijui kama ana ndevu. Sijawahi kumwona."

Dada mkubwa wa binti huyo, aliyefunga safari asubuhi ile kwa nia moja tu ya kuingilia yasiyomhusu, alicheka mpaka chai ikampalia. Binti mwenyewe, fundi miwani, hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya kabati lenye kioo akijaribu kuvaa hereni ya kushoto kwa mara ya nne. Vidole vyake, ambavyo kutwa nzima husaga lenzi bila kutetemeka, leo vilikataa kabisa kuliona tundu la sikio.

Alikuwa na miaka thelathini na sita. Wajua umri huo unavyokuwa ndani ya nyumba yenye mama mzazi na dada aliyeolewa: ukinunua viatu vipya, watu wawili wanatazamana. Yeye alikuwa amenunua viatu na hereni katika wiki moja. Wakambana, akasema ukweli.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Kwa miaka miwili alikuwa ndani ya kikundi cha watu wanane wanaotunga hadithi moja kwa pamoja kwenye simu. Hadithi yao ni jengo la kubuni la ghorofa tatu, na kila mwandishi ana mpangaji wake humo anayemsemea, anayemlisha na kumkosanisha na majirani. Sheria za kikundi ni mbili. Ya kwanza, hakuna kutaja jina lako wala kuulizana habari za nje. Ya pili ndiyo iliyowatoa wengi jasho: mwanamke sharti amwandike mwanaume, na mwanaume amwandike mwanamke. Jumatano unapeleka rasimu, na wale wenye jinsia ya mpangaji wako wanaichambua bila huruma. Jumamosi unawapelekea wasomaji ile iliyosafishwa.

Yeye alipewa Dobi wa ghorofa ya chini. Sura yake ya kwanza ilichekwa vibaya. Alimwandika Dobi ameachwa na mchumba, amekaa dirishani anafuta machozi kwa pazia na kuzungumza na nafsi yake kurasa tatu nzima. Mzee mmoja wa kikundi, waliyempachika jina la Babu Soksi, akamjibu: "Dada yangu, mwanaume akiachwa hakai dirishani. Anakwenda nyuma ya nyumba kutengeneza baiskeli ambayo haijaharibika." Fundi miwani alinuna siku mbili. Siku ya tatu akampa Dobi baiskeli na bisibisi, na kwa mara ya kwanza akamsikia anapumua.

Wanaume nao walikuwa na vituko vyao. Mmoja alimwandika mwanamke anayepanda ngazi huku anawaza umbo lake mwenyewe lilivyo zuri. Fundi miwani alimwandikia: "Mwanamke aliyebeba ndoo mbili anawaza ndoo." Tangu siku hiyo wakamwita Bi Mkaguzi, na tusifichane, kichwa kilimvimba kidogo.

Kwenye ghorofa ya juu ya jengo lao aliishi Mkunga. Mwandishi wake alikuwa mtu wa maneno machache mno, wakamwita Bwana Kimya. Kila Jumatano Bwana Kimya alitakiwa amkosoe Dobi, na kila Jumatano aliandika neno moja tu: Anaaminika. Neno hilo moja fundi miwani alilibeba wiki nzima. Alilisaga pamoja na lenzi, alipanda nalo ngazi za nyumbani, alilala nalo. Kumbe mtu anaweza kuishi kwa neno moja miaka miwili, na akanenepa.

Na Mkunga! Mkunga alikuwa hai kiasi kwamba wasomaji walimtumia salamu. Dobi alimpenda kwa kumwangalia tu akishuka ngazi. Basi nani atashangaa kama aliyemwandika Dobi naye alianza kumpenda aliyemwandika Mkunga?

"Mimi nina swali moja," mama alisema. "Nilikusikia ukimsomea dada yako. Eti huyo mkunga akirudi kazini anavua kiatu cha kushoto kwanza, halafu anakaa na cha kulia mguuni mpaka chai ichemke. Kama wewe. Sasa mwanaume anayejua mambo ya wanawake hadi kwenye viatu, hiyo elimu kaipatia wapi?"

"Anasikiliza watu, mama. Ndiyo maana nataka kumwona."

"Kwa wanawake wangapi?"

"Mama!"

"Usinipigie kelele. Mtu hana jina, hana ukoo, hana hata picha. Mimi sijaridhika, nimesema."

Dada alichukua simu kutoka mezani akasoma tena ule ujumbe, kwa sauti ya kuigiza kama ya mtangazaji wa vifo. "'Bi Mkaguzi, najua ninavunja sheria. Naomba tuonane. Jumamosi saa sita mchana, mgahawa wa ghorofa ya tano, jengo la bima. Tafadhali njoo na lile faili.'" Akaiweka simu chini. "Mdogo wangu, nisikilize mimi niliyeolewa. Mwanaume akikuita mara ya kwanza anakuambia njoo ulivyo. Huyu anataka faili."

"Nadhani anataka tutoe kitabu."

"Unadhani."

Faili lenyewe lilikuwa kitandani, la kijani, limefungwa kwa mpira. Kwa kuwa macho yake yalichoka na kazi, fundi miwani alikuwa akichapisha rasimu za Mkunga kwenye karatasi na kuzikosoa kwa penseli. Mara moja aliwahi kumtumia Bwana Kimya picha ya ukurasa mmoja ukiwa juu ya faili hilo, ili aone jinsi alivyoukata. Hakuwahi kutupa hata karatasi moja. Alilichukua, akamwinamia mama kumbusu, na mama akageuza shavu upande wa pili.

"Hereni moja imepinda," dada alisema mdogo wake alipofika mlangoni. Sauti yake haikuwa na utani tena. "Njoo nikunyooshee."

*

Jengo la bima lilikuwa na lifti moja, na mbele yake kulikuwa na kibao: Inatengenezwa, samahani. Akapanda ngazi. Alipofika ghorofa ya tatu viatu vipya vilikuwa vimeanza kumuuma, na ya tano alifika kijasho chembamba kikimtoka juu ya mdomo. Alijifuta haraka kabla ya kusukuma mlango.

Mgahawa ulikuwa karibu mtupu. Jumamosi ofisi hufungwa mapema. Mhudumu, mama wa makamo mwenye aproni ya buluu, alikuwa akihesabu vijiko. Fundi miwani alichagua meza ya dirishani, akaliweka faili mbele yake, akaagiza chai isiyo na sukari kwa sababu hakujua afanye nini na mikono.

Saa sita na dakika nane mwanaume mwenye ovaroli aliingia akifuta vidole kwa kitambaa. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mrefu kidogo kuliko inavyopendeza, na masikio yaliyosimama. Ndevu alikuwa nazo, mama angefurahi. Hakutazama nyuso za watu. Alitazama meza moja moja mpaka macho yake yakalikuta faili la kijani, hapo ndipo yakapanda kwa mwenye nalo.

"Bi Mkaguzi."

"Bwana Kimya."

Fundi miwani alisimama. Alimpa mkono. Mkono wa mwanaume ulikuwa mzito, una joto, una alama ya grisi ambayo kitambaa kilishindwa. Fundi miwani alikitazama kidole chake cha pete kabla hajajizuia. Kilikuwa kitupu. Furaha iliyompanda pale, msomaji wangu, ilikuwa ya aibu kabisa.

"Samahani kwa ngazi," mwanaume alisema. "Lifti ni mimi."

"Wewe ndiye uliyeiharibu?"

"Mimi ndiye ninayeitengeneza. Nimeshindwa kuimaliza ndani ya muda."

Alicheka. Mwanaume naye alitabasamu, tabasamu la upande mmoja, kisha likazimika. Mhudumu alileta kikombe cha pili na birika. Wakakaa. Mwanaume alikikunja kile kitambaa mara nne, akakitia mfukoni.

"Nilikuwa nikikufikiria mzee," mwanaume alisema mwishowe. "Ulivyokuwa mkali."

"Nami nilikufikiria mfupi."

"Kwa nini mfupi?"

"Sijui. Mkunga wako anatazama vitu kutoka chini. Anaona chini ya meza, anaona visigino vya watu."

Mwanaume aliinamisha kichwa. "Alikuwa mfupi," alisema.

Fundi miwani alilisikia lile neno, na akaliacha lipite. Watu wengi huwazungumzia wahusika wao hivyo. Yeye mwenyewe aliwahi kumwambia mteja dukani kwamba anamfahamu dobi mmoja mwenye mgongo mbovu.

"Umesema nije na faili," alisema, na sauti yake ikawa nyembamba kuliko alivyotaka. "Rasimu zote zimo. Tangu ile ya kwanza. Kama ni mambo ya kitabu, mimi niko tayari. Na kama si kitabu..." Akavuta mpira wa faili, akauachia. "Mimi pia nilitaka tuonane. Siku nyingi."

Alimtazama machoni aliposema hivyo. Alikuwa amepiga moyo konde, hajawahi kumtazama mwanaume hivyo maishani mwake. Dobi angetazama sakafu.

Mwanaume aliona. Hakuwa mjinga. Uso wake ulijaa huruma, na ni huruma hiyo iliyomwambia fundi miwani kila kitu kabla ya maneno.

"Dada yangu," alisema polepole. Hakusema Bi Mkaguzi. "Ningekuambia kwenye simu, lakini niliona si heshima. Ngoja niseme yote, halafu unitukane."

"Sitakutukana."

Alifungua mfuko wa kifuani wa ovaroli, akatoa pete, akaiweka kwenye kiganja chake. "Kazini naivua. Lifti haichagui kidole. Mke wangu alifariki, sasa ni mwaka wa tatu."

"Pole," fundi miwani alisema. "Pole sana."

"Asante. Tulikaa miaka kumi na moja. Hakupenda kupigwa picha, nilizonazo ni tano, na mbili kafumba macho. Lakini picha inaonyesha sura, na sura siwezi kuisahau. Mimi nilitaka namna yake. Namna alivyokuwa akifanya mambo. Nikasikia kuna kikundi ambacho mwanaume anamwandika mwanamke. Nikasema hapo ndipo pa kumweka."

"Mkunga," fundi miwani alisema.

"Mkunga."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akifuta vioo vya jengo la pili, akishuka polepole kwa kamba zake. Fundi miwani alimtazama huyo kwa sababu hakuweza kutazama kingine.

"Alikuwa mkunga kweli?"

"Alikuwa akiuza vifungo na nyuzi. Ukunga ni wangu, wa kubuni. Mengine yote yalikuwa yake." Akaegemea mbele. "Rasimu ya kwanza, niliandika kwamba anakula amesimama, ameegemea friji, wakati meza ipo. Unakumbuka uliandika nini?"

Alikumbuka. Alikumbuka hata penseli aliyotumia. "Niliandika hakuna mwanamke anayekula hivyo nyumbani kwake. Kwamba hiyo ni picha ya mwanaume aliyemwona mwanamke jikoni mara moja akapita."

"Nikafuta. Nikaandika kwamba akikasirika anaweka pini za nywele mdomoni na kugomba hivyohivyo, nisielewe hata neno. Ukasema ni kichekesho cha jukwaani. Nikafuta. Nikaandika kwamba anaanza kucheka kabla ya kumaliza kichekesho, kwa hiyo miaka kumi na moja sijawahi kusikia mwisho wa kichekesho hata kimoja. Ukasema..."

"Haaminiki," fundi miwani alisema.

"Ukasema haaminiki." Hakusema kwa hasira; ingekuwa hasira, fundi miwani angejua pa kushika. "Mimi ni fundi wa lifti, dada. Sijui kuandika. Wewe ni mwanamke, na kikundi kizima kinakuogopa kwa kusema kweli. Nikawaza, labda nilimwona vibaya. Ndiyo wanaume tulivyo, tunaambiwa kila siku. Labda miaka yote ile nilikuwa natazama tu bila kuona. Basi nikawa nafuta palepale kwenye simu na kuandika juu yake, na wasomaji wakampenda, na nikafurahi kwamba sasa nimempata sawasawa."

"Nilikuwa nakosoa maandishi," alisema. "Sikujua kama kuna mtu."

"Najua hukujua. Sheria ni sheria. Wiki iliyopita shemeji yangu, mdogo wake, alikuja kunisalimia. Tukakaa tunakumbushana. Akasema, shemeji, unakumbuka alivyokuwa hamalizi kichekesho, anacheka mwenyewe mpaka analia? Nikamwambia hapana, alikuwa akimaliza kwanza, halafu anatabasamu tu. Nikabisha, dada yangu. Nilibishana na ndugu yake wa damu kuhusu mke wangu. Akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, akaaga." Alifumba kiganja chenye pete. "Nilipobaki peke yangu nikajaribu kumkumbuka anakula. Namwona amekaa mezani. Najaribu kumwinua, hainuki."

Fundi miwani alikuwa ameweka mikono yake miwili juu ya faili. Hakujua ameiweka lini.

Alijua kilichomo ndani. Mkunga wa kwanza, mzima mzima, alikuwemo humo, aliyekula amesimama, mwenye pini mdomoni, chini ya mistari ya penseli, anasomeka vizuri kabisa. Na alijua yupo nani kwenye simu za wasomaji. Mwanamke anayevua kiatu cha kushoto kwanza. Anayekunywa chai bila sukari. Anayeimba kwa pua akiwa kazini na kunyamaza mtu akiingia. Mama alikuwa ameliona hilo kwa kusikia mara moja tu, na yeye alikuwa amejitia hamnazo miaka miwili. Sentensi moja leo, nyingine Jumatano ijayo, alikuwa amemtoa mwanamke mmoja ndani ya nyumba na kuingia mwenyewe.

"Na Dobi?" aliuliza. Hakutaka kuuliza hilo, lilimtoka tu. "Kila wiki uliandika anaaminika."

Mwanaume alisita. Ungeweza kuona anatafuta uongo mzuri, na hana.

"Ilikuwa lazima niandike kitu," alisema. "Sikuwa nikimsoma vizuri, samahani. Nilikuwa nasubiri zamu ya Mkunga."

Kuna maneno ambayo hayaumi yakifika, huuma baadaye. Fundi miwani aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa dawa imekwisha, arudi kesho. Akamimina chai kwenye kikombe chake ingawa kilikuwa kimejaa, na ikamwagika kwenye kisahani. Mwanaume alichukua kile kitambaa cha grisi, akakiona, akakirudisha mfukoni.

"Dobi wako umemtoa kwa nani?" aliuliza kwa upole, labda kwa kutaka kurekebisha.

"Si kwa mtu yeyote."

"Lazima kuna mtu."

"Hakuna. Babu Soksi alinipa baiskeli. Mengine niliwasikia wanaume dukani wakijaribu miwani. Nilimtunga tu. Nilikuwa nikijiuliza, ningependa nani aje, halafu naandika huyo." Akajikaza kisabuni, akatabasamu. "Ndiyo maana mgongo wake mbovu. Nilitaka mtu anayehitaji kusaidiwa kusimama."

Hapo mwanaume alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, alimtazama yeye hasa, hereni zake, viatu vipya ambavyo chini ya meza alikuwa amechomoa visigino vyake. Kama angetazamwa hivyo kwa sababu nyingine, angekufa kwa furaha.

"Ningependa kupata hizo karatasi," alisema. "Zote kama unaruhusu. Nitanakili na kukurudishia."

"Utamtoa Mkunga kwenye hadithi?"

"Sijui. Nadhani nitakaa naye kwanza nyumbani." Akasita tena. "Lakini kuna kitu kingine kinanisumbua kuliko karatasi. Nitazisoma, nitaona nilivyoandika, halafu pembeni nitaona penseli yako, na sitajua nimwamini nani. Nimekuamini wewe muda mrefu. Kwa hiyo nimekuja kukuuliza uso kwa uso. Yule wa kwanza, kabla hujamkata. Ni kweli hakuna mwanamke wa hivyo? Nilimwona vibaya?"

Njia rahisi ilikuwepo, pana, imefagiliwa. Angeweza kusema, labda nilikuwa mkali. Angeweza kusema, uandishi ni uandishi na mke ni mke, kila kimoja na hesabu zake. Yangekuwa maneno ya busara, na heshima yake ingebaki. Mwanaume angemshukuru. Tena angerudi, maana mtu asiye na uhakika hurudi kuuliza. Wangekutana hapa Jumamosi nyingine, ukurasa kwa ukurasa, yeye akiwa ndiye anayejua na bwana akiwa ndiye anayeuliza, na mwaka ungepita. Wangapi wamepata mume kwa njia nyembamba kuliko hiyo?

Aliwaza yote hayo. Mimi ninayesimulia siwezi kumsafisha zaidi ya alivyokuwa.

Kisha akaondoa mikono juu ya faili.

"Alikuwa anaaminika," alisema.

Mwanaume aliinua uso.

"Kila neno. Niliposoma ile ya friji, nilimwona. Niliona hadi mguu mmoja ameupandisha juu ya mwingine, na wewe hukuandika mguu. Niliposoma ya pini nilicheka peke yangu kazini mpaka bosi akaja kuuliza. Hakuna mtu kwenye kikundi kile aliyewahi kuandika mtu hai namna ile, na mimi nilijua tangu Jumatano ya kwanza."

"Basi kwa nini..."

"Kwa sababu alikuwa anapendwa." Akasogeza kikombe pembeni. "Kila mstari ulikuwa unampenda. Sikujua kama yupo, lakini nilijua anapendwa, na mimi nilikuwa nakaa na ile karatasi, na kikombe changu kimoja, na nikawa nasema haiwezekani. Kisha nikachukua penseli. Nikasema hakuna mwanamke wa hivyo, kwa sababu mimi si wa hivyo. Nilikuwa nataka uandike wa kama mimi. Hukumwona vibaya. Ulimwona vizuri mno. Mimi nilitaka nafasi yake, basi."

Aliweza kusema yote hayo akimtazama. Alipomaliza ndipo akatazama chini, kwenye chai iliyomwagika.

Fundi miwani alisubiri atukanwe, na sehemu yake moja ilitamani itokee, kwa kuwa hata tusi lingekuwa lake. Lakini alipoinua macho aliona yule bwana analia, kimya kimya kama jina lake, na katikati ya kilio uso wake umefunguka. Alikuwa akitazama mahali fulani kando ya kichwa chake, panapoweza kuwa na friji.

"Mguu," alisema. "Alikuwa anaupandisha. Kweli. Wa kulia juu ya wa kushoto. Nilikuwa nimesahau kabisa ule mguu."

"Nafurahi," fundi miwani alisema. Na unajua, alikuwa anafurahi kweli; hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alilisogeza faili kuvuka meza. Mwanaume alivua mpira, akafungua ukurasa wa kwanza, akafuata mstari kwa kidole chenye grisi chini ya mikato ya penseli. Akageuza wa pili. Alipofika wa tatu akacheka, kicheko kifupi cha ghafla, akaweka mkono mdomoni. Kisha akakumbuka alipo, akafunga faili haraka kama mtu aliyefumwa anasoma barua yake hadharani.

"Nitakurudishia," alisema akisimama.

"Usinirudishie. Ni zako."

"Dada yangu, sijui nikuambie nini."

"Usiseme kitu. Nenda."

Alisimama kidogo bado. Akavaa pete. Akalikumbatia faili kifuani kwa mikono miwili, akainama kidogo kama watu wanavyoinama msibani, akaenda zake. Hakugeuka nyuma mlangoni, na fundi miwani hakumlaumu, kwa kuwa mtu aliyebeba alichokuwa amebeba yule bwana hatazami nyuma.

Chai ilikuwa imepoa. Aliinywa hivyohivyo. Yule mfuta vioo wa jengo la pili alikuwa amefika chini na kuanza kukunja kamba zake.

Mhudumu alikuja na trei. Alitazama kiti kitupu, akatazama kikombe cha pili ambacho hakikuguswa.

"Mgeni wako anarudi, mama, au nitoe?"

"Toa tu," fundi miwani alisema. "Ameondoka na mkewe."

Mhudumu aliduwaa kidogo, maana hakuwa ameona mwanamke mwingine akiingia. Lakini alikuwa mtu mzima, hakuuliza. Alichukua kikombe kile, akafuta upande ule wa meza mpaka ukang'aa, akakisukuma kile kiti kitupu chini ya meza, na akamwachia birika.